Ndovu Shambani, Simba Bomani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sheria ya Wanyamapori Waharibifu Nchini Kenya

Majibu haya yanahusu Kenya pekee. Msingi wake ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Tumeyaandika kwa ajili ya mkulima wa Taita Taveta, Kwale au Laikipia, mfugaji wa Kajiado na Narok, na watu wa kando ya mto Tana wanaoteka maji wakiwa na hofu ya mamba. Kesi ikishafika mahakamani, tafuta wakili. Kabla ya hapo, mengi unaweza kuyafanya mwenyewe.

Ndovu akiingia shambani mwangu, anakuwa wa nani?

Bado yuko chini ya ulinzi wa serikali, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hata shamba likiwa na hatimiliki ya jina lako, mnyama aliyelikanyaga hawi mali yako, na hasara aliyokutia haikupi mamlaka juu ya uhai wake. Wengi huona uchungu kusikia hivyo, na uchungu huo ni wa haki. Wanyamapori wengi wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi za watu na za jamii, kwa hiyo raia wa kawaida ndiye anayewalisha bila kuulizwa. Ndiyo sababu sheria hiyo hiyo inayomlinda mnyama imeweka fidia kwa aliyeharibiwa.

Naruhusiwa kumfukuza?

Ndiyo. Kupiga debe, kumulika kwa tochi kali, kuwasha moto pembeni mwa shamba, kupiga kelele mkiwa wengi, kuchoma pilipili kavu iliyochanganywa na kinyesi cha ndovu ili moshi uwafuate: hakuna linalokatazwa hapo mradi lengo ni kumwondoa mnyama, si kumjeruhi. Piga simu kwa kituo cha KWS kilicho karibu kabla hamjaanza, maana wana kikosi maalumu cha kushughulikia wanyama wasumbufu.

Zingatieni usalama wenu kuliko mahindi. Mwachieni mnyama njia ya kutokea. Msisimame kati ya mama na mtoto wake, wala kati ya kiboko na maji. Wanaume waliokunywa pombe wabaki nyumbani usiku huo.

Je, naweza kumuua?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, nasi hatutalizunguka.

Kanuni ya jumla ni hapana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na marufuku hiyo haijaondolewa. Tofauti na nchi jirani ya Tanzania, hapa hakuna leseni ya uwindaji ambayo mtu anaweza kuinunua akamwondoa mnyama anayemsumbua. Kazi ya kumdhibiti mnyama mharibifu, ikiwemo kumpiga risasi inapobidi, ni ya KWS.

Hata hivyo sheria inatambua kujitetea. Mtu aliyevamiwa na nyati njiani, au anayemwokoa mtoto mdomoni mwa fisi, hawi mhalifu kwa kumuua mnyama huyo. Kinachopimwa ni kama hatari ilikuwa ya kweli, ya wakati ule ule, na kama hapakuwa na njia nyingine. Simba aliyeua ng'ombe jana usiku na leo amelala kichakani kilomita mbili kutoka kwako hakutishii tena kwa maana hiyo. Kumfuata kwa mikuki asubuhi ni kulipiza kisasi, na kisasi hakina kinga.

Mfano wake tuliuona Mei 2023 huko Kajiado, karibu na Amboseli. Loonkito, simba dume wa miaka 19, mmoja wa simba wakongwe zaidi waliojulikana, aliuawa baada ya kuingia bomani. Katika siku zile zile simba wengine sita waliuawa kwa mkupuo mmoja baada ya kuua mbuzi wa watu. Hasara ya wafugaji wale ilikuwa halisi. Lakini siku ile haki yao ya kudai ilikuwa bado mikononi mwao, na mkuki uliiweka hatarini.

Ukimuua mnyama kwa kujitetea, toa taarifa mara moja kwa KWS au polisi, usisogeze mzoga, usikate chochote. Acha alama za nyayo na damu zilivyo, kwa sababu ndizo zitakazokuwa shahidi wako. Anayekaa kimya siku tatu kisha akapatikana na ngozi nyumbani atapata taabu sana kumshawishi hakimu kwamba alikuwa akijitetea.

Na nyama yake? Si imeshakufa tu?

Usile, usigawe, usiuze. Uwindaji wa kitoweo ni kosa, na biashara ya nyamapori ni kosa kubwa zaidi. Pembe, meno, ngozi, kucha na mifupa huhesabiwa kuwa nyara. Kupatikana na nyara bila kibali kuna adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, kama faru na ndovu, adhabu ni kali zaidi, na kumuua mnyama wa aina hiyo kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Sheria haiulizi kama mnyama uliua wewe au ulimkuta amekufa.

Vipi nikiweka dawa kwenye mzoga wa ng'ombe wangu? Mzoga ni mali yangu.

Mzoga ni wako, ila sumu uliyoitia haichagui wa kumuua. Kutumia sumu dhidi ya wanyamapori ni kosa, awe simba, fisi au mbwa mwitu.

Desemba 2015, katika Maasai Mara, kundi maarufu la simba lililoitwa la Marsh lilitegewa sumu kwenye mzoga wa ng'ombe baada ya mifugo kuliwa. Simba jike aliyejulikana kama Bibi alikufa, na wengine wakaugua vibaya. Tai nao hufa katika matukio kama haya, maana hushuka kwa makundi juu ya mzoga mmoja. Kufa kwa tai ni hasara ya mfugaji mwenyewe: wao ndio humaliza mizoga kabla haijaoza na kueneza magonjwa. Mbwa wako atakula pale pale. Mvua ikinyesha, sumu itaingia kwenye lambo. Watoto huchunga karibu na hapo. Katika njia zote ambazo watu hutumia kujilipizia, hii ndiyo tunayoipinga bila kusita hata kidogo.

Mitego ya waya, mashimo, au waya wa umeme wa stima?

Mitego ya waya na mashimo ya kunasia ni marufuku. Ua wa umeme ni halali ukijengwa kitaalamu, kwa mashine inayotoa umeme wa midundo mifupi inayomshtua mnyama bila kumuua. Kuunganisha waya wa ua moja kwa moja na stima ya nyumbani ni jambo tofauti kabisa. Waya huo huua, na mara nyingi wa kwanza kuugusa ni jirani anayepita usiku au mtoto wa mwenye shamba. Aliyeuweka atajibu kesi ya kifo cha mtu.

Mnyama ameshaharibu. Nifanye nini kwanza?

Hapa ndipo madai mengi hufa. Watu husafisha shamba, hupika mbuzi aliyeraruliwa, kisha baada ya wiki mbili huenda kuripoti. Afisa anafika hakuna anachokiona.

Ripoti siku hiyo hiyo. Nenda kituo cha KWS, au piga simu. Kama kiko mbali, anza kwa chifu au kituo cha polisi na uhakikishe tukio limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, uandike nambari yake. Piga picha kwa simu: nyayo ukiweka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, kinyesi, mahindi yaliyolala, alama za meno shingoni mwa ng'ombe. Picha moja ipigwe kwa mbali ionyeshe shamba zima. Waombe majirani wawili waje waone na wakubali kutoa majina yao kama mashahidi.

Kisha jaza fomu ya madai. Kwa mazao, afisa wa kilimo atahitajika kupima hasara. Kwa mifugo, afisa wa mifugo. Kwa mtu aliyejeruhiwa, peleka ripoti ya daktari, na kwa aliyefariki, cheti cha kifo na barua ya chifu inayothibitisha familia yake. Toa nakala ya kila karatasi kabla hujaikabidhi. Gharama ya nakala ni ndogo mno ukilinganisha na taabu ya kuanza upya faili ikipotea.

Ni wanyama gani wanaolipiwa?

Si wote. Orodha iko katika Jedwali la Tatu la sheria, na ina sehemu mbili. Kwa kifo au jeraha la mtu wamo ndovu, simba, chui, faru, fisi, mamba, duma, nyati, kiboko na mbwa mwitu. Orodha ya awali ya 2013 ilitaja pia nyoka wenye sumu, na hata papa na taa wa baharini; waulize KWS kama bado wanalipiwa. Kwa mazao, mifugo na mali nyingine, wanyama wakubwa hao wa nchi kavu wamo, na wameongezwa punda milia, pofu na nyumbu, ambao hula malisho na kuharibu mazao.

Na nyani na tumbili?

Hawamo. Mkulima anayelindia mahindi yake kutwa nzima huku watoto wakikosa shule ili wawafukuze nyani hapati chochote chini ya sheria hii. Kwa maoni yetu hili ni pengo baya, hasa Taita na sehemu za Mlima Kenya, ambako nyani na tumbili humaliza shamba dogo kwa siku chache. Bado inafaa kuripoti. KWS inaweza kuja kuwafukuza au kuwadhibiti, na ripoti nyingi kutoka eneo moja huipa kamati ya wanyamapori ya kaunti kitu cha kusimamia inapoomba msaada.

Fidia ni kiasi gani?

Kifo cha mtu: shilingi milioni 5. Jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu: milioni 3. Majeraha mengine: hadi milioni 2, kulingana na ukubwa wake. Mazao, mifugo na mali hulipwa kwa bei ya soko ya wakati huo.

Ili kuelewa uzito wa hatua hii, kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1989 fidia ya mazao na mali ilifutwa kabisa. Kwa karibu robo karne, ndovu akimaliza ekari tatu za mahindi, mwenyewe aliambiwa pole. Fidia ya kifo nayo ilifika shilingi 200,000 tu katika miaka ya mwisho ya sheria ya zamani, fedha ambayo haikutosha hata mazishi na karo ya mwaka mmoja. Sheria ya 2013 ilibadilisha mambo kweli, angalau kwenye karatasi.

Nani anaamua dai langu?

Kila kaunti ina kamati ya uhifadhi wa wanyamapori inayoshughulikia madai ya fidia. Ndani yake kuna KWS, maafisa wa kilimo, mifugo na afya, polisi, na wawakilishi wa jamii. Dai la mazao, mifugo au mali huchunguzwa na kuamuliwa hapo. Dai la kifo au jeraha huthibitishwa na kamati, kisha hupelekwa kwa Waziri anayesimamia wanyamapori pamoja na mapendekezo yake.

Wajue wawakilishi wa jamii yenu katika kamati hiyo kabla balaa halijawafikia. Wako pale kwa niaba yenu, na mkutano ukikaa bila mtu wa kulisemea dai, faili hukaa chini ya rundo.

Kwa nini dai langu linaweza kukataliwa?

Sababu mbili zimo ndani ya kifungu cha 25 cha sheria hiyo chenyewe. Ya kwanza ni mwenye mali kushindwa kuchukua hatua zinazofaa kuilinda. Ya pili ni kutumia ardhi kinyume na mpango wa usimamizi wa eneo hilo, kwa mfano kulima katikati ya njia ya ndovu iliyotengwa na mpango uliokubaliwa. Kuna sababu ya tatu ambayo haiko kwenye kifungu lakini ndiyo ya kawaida zaidi: ukosefu wa ushahidi.

"Hatua zinazofaa" ni zipi? Mimi sina pesa za ua wa umeme.

Hakuna anayekutegemea ujenge ua kama ule wa Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, uliochukua miaka 20 kukamilika mwaka 2009. Kinachotazamwa ni kama ulijitahidi kwa uwezo wako. Ng'ombe walilala bomani au porini? Boma lilikuwa na mlango? Kulikuwa na mlinzi msimu wa mavuno?

Kuna mbinu za gharama ya wastani zilizoanzia hapa hapa. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, mita 10 kati ya mzinga na mzinga, yote ikiunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huogopa nyuki sana. Utafiti wa Lucy King na wenzake uliofuatilia mashamba hayo kwa miaka unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ndovu waliofika kwenye mizinga waligeuka, na mkulima akabaki na asali ya kuuza. Mizinga hufanya kazi vizuri ikiwa na nyuki, kwa hiyo ukame mkali huidhoofisha.

Kwa simba, kijana Richard Turere aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi alibuni taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Boma la nyavu za chuma na nguzo imara husaidia zaidi dhidi ya chui na fisi.

Lolote utakalofanya, lipigie picha likiwa zima. Picha ya boma kabla ya shambulio ina thamani kubwa mbele ya kamati.

Sikuridhika na uamuzi. Naweza kukata rufaa?

Ndiyo, ndani ya siku 30 tangu ulipoarifiwa, kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Usiporidhika tena, rufaa ya pili huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 30 hupita haraka kwa mtu anayeishi mbali na mji, kwa hiyo omba uamuzi kwa maandishi ukiwa na tarehe.

Mbona nisiende mahakamani moja kwa moja?

Kwa sababu sheria inataka mgogoro uanzie ngazi ya chini, kwenye kamati ya kaunti. Ukiiruka, upande wa serikali utaomba kesi itupwe, na huenda ukafaulu.

Mbona malipo yanachukua miaka?

Kwa sababu madai ni mengi na fedha zinazotengwa kwenye bajeti hazijawahi kutosha. Malimbikizo ya fidia yamefikia mabilioni ya shilingi, na familia nyingi zimesubiri miaka mingi baada ya dai kuidhinishwa. Hatuna maneno ya kulipamba jambo hili. Kumwambia mjane avumilie simba na ndovu kwa faida ya utalii wa taifa, kisha taifa likose kumlipa, ni dhuluma, na ndiyo inayomrudisha mtu kwenye sumu na mkuki.

Baadhi ya jamii zimejaribu njia ya karibu zaidi. Mbirikani, kati ya Amboseli na Tsavo, kuna mfuko wa fidia ya mifugo tangu 2003. Hulipa sehemu ya thamani ya mnyama baada ya wakaguzi kufika, hupunguza malipo boma likiwa bovu, na jamii hupata adhabu simba akiuawa. Kama mko ndani ya hifadhi ya jamii, ulizeni uongozi kama kuna mpango wa aina hiyo.

KWS wanaweza kuwahamisha wanyama?

Wanaweza, na wamewahi. Mwaka 2005 ndovu 150 walitolewa Shimba Hills wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wengine wao wakarudi. Oktoba 2024 ndovu 50 walihamishwa kutoka Hifadhi ya Mwea hadi Aberdare, kwa kuwa Mwea ilikuwa imeelemewa. Ni kazi ghali na ya hatari kwa mnyama mwenyewe, kwa hiyo haifanywi kwa ombi la shamba moja. Jamii nzima ikiomba kwa barua kupitia kamati ya kaunti, ikiambatisha ripoti za miezi, ombi huwa na nguvu.

Je, ndege waharibifu?

Kweleakwelea hushughulikiwa na serikali kupitia wizara ya kilimo, kwa kunyunyizia dawa kwenye maeneo wanayolala. Ilifanyika Kisumu mapema mwaka 2023 walipovamia mashamba ya mpunga. Usinyunyize mwenyewe. Dawa inayotumika, fenthioni, huua pia ndege wengine wanaokula mizoga hiyo, na ni hatari kwa mtu. Kufukuza kwa kelele, nyavu na kanda zinazong'aa ni ruhusa.

Kunguru wa Pwani ni suala la pekee. Si wa asili hapa. Walifika Mombasa miaka ya 1940, na sasa hula vifaranga na mayai ya ndege wengine na kusumbua hoteli na masoko. Juni 2024 serikali ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja, kwa sumu maalumu inayotumiwa na walioidhinishwa tu. Mwenye duka au nyumba hana kibali cha kujitegea sumu yake. Anachoweza kufanya ni kuondoa takataka.

Panya, mchwa na nzige wa shambani wanahusika na sheria hii?

Hapana. Hao udhibiti kwa njia za kawaida za kilimo.

Nilipeleka fomu mwaka jana na sijasikia kitu. Nifuatilie vipi?

Nenda ofisi ya KWS ya kaunti ukiwa na nakala ya fomu na nambari ya OB. Uliza maswali matatu na uandike majibu na jina la aliyekujibu: dai langu limesajiliwa kwa nambari gani, limewasilishwa mbele ya kamati tarehe gani, na kamati iliamua nini. Kama halijafika mbele ya kamati, andika barua fupi kwa mwenyekiti, nakala kwa mwakilishi wa jamii na mwakilishi wa wadi yako, ukiomba liwekwe kwenye mkutano ujao. Kama limeidhinishwa na bado halijalipwa, omba uthibitisho wa maandishi wa kiasi kilichoidhinishwa. Karatasi hiyo iweke pamoja na hatimiliki yako. Mdai akifariki kabla ya malipo, familia yake itaihitaji ili kuendelea na dai.